Umesaini kwenda Navy kama fundi wa elektroniki? Hii miezi ya kusubiri ndo ya kusoma

Kijana wa dada yangu amesaini mkataba na Navy, yaani jeshi la majini la Marekani, fani aliyopewa ni ya fundi wa elektroniki, na tarehe yake ya kuripoti bado iko mbali. Juzi kanipigia simu, mjomba nifanye nini sahii, nikimbie asubuhi na kupiga pushapu tu ama kuna kitu cha kusoma? Tukaongea kwa muda mrefu sana lakini mambo ya hesabu kwa simu hayaingii vizuri, alafu nikafikiria kuna vijana wetu wengi Texas, Minnesota, Massachusetts na kule Washington ambao wako hapo hapo alipo yeye, wengine wazazi wao hawajui kabisa mtoto anaenda kusoma nini, basi nikaona bora niandike yote mahali pamoja. Mimi mwenyewe nilipita hiyo njia, nilikuwa ET kwenye meli, yaani fundi wa rada na redio, na hii kitu naipenda mpaka leo.

Jibu langu kwake lilikuwa hili. Kimbia, manake lazima ukimbie. Lakini kama unataka kubaki kwenye fani yako, maliza hesabu kabla hujaondoka nyumbani. Hesabu yenyewe si ngumu, ni ya Form 2 mpaka Form 4, ila inatakiwa iwe mkononi kabisa, usiwe unaifikiria, kwa sababu ukifika darasani mkufunzi anaongea habari ya saketi na wewe ukiwa bado unapigana na sehemu na desimali, saketi inakupita.

Wacha nieleze mambo yanavyokwenda kwa wasiojua. Ukishasaini hupelekwi kesho yake, unawekwa kwenye mpango wa kusubiri unaoitwa DEP, na unaweza kukaa humo hadi siku 365. Wengi huo muda wanauona kama likizo. Kumbe ndo muda pekee ambao ni wako, kwa sababu ukishaingia Great Lakes, Illinois, kando ya Ziwa Michigan kaskazini mwa Chicago, ambako ndo makuruta wote wa Navy wanafunzwa, simu inafungiwa, usingizi unapungua, na kwa wiki kama tisa hivi kichwa kinajaa vyeo, kukunja nguo, kuzima moto na kuogelea. Hakuna atakayekufundisha sheria ya Ohm hapo, ile ya volteji ni mkondo mara ukinzani. Alafu ukimaliza, kama ni ET ama FC, yaani fundi wa mifumo ya kuongoza silaha, shule ya mwanzo ya umeme na elektroniki iko hapo hapo Great Lakes, unavuka tu upande wa pili, na masomo yanaanza ukiwa bado hujapata pumzi.

Na yanaenda mbio. Mambo ambayo sisi kule Kenya tulikuwa tunayasoma kuanzia Form 1 mpaka Form 4, chaji, mkondo, sumaku, mkondo geu, dayodi, kule yanafungwa kwa wiki chache, tena na mengine ya juu yake. Sehemu kubwa ya mwanzo unasoma kwenye kompyuta, unasoma, unajibu, unapewa mtihani, unaendelea. Ukifeli unaongezewa masaa ya kusoma jioni, ukifeli tena unarudishwa nyuma, na ukiendelea hivo unakaa mbele ya watu wanaojadili kama ubaki ama uondolewe, na ukiondolewa Navy ndo inaamua ikupeleke wapi kulingana na mahitaji yake. Ule mkataba wako hauvunjiki, bado unadaiwa miaka, ila unaifanya kazi ambayo hukuichagua. Nimeona vijana wenye akili nzuri kabisa wakiondoka hivo, na kilichowatoa haikuwa transista wala rada, ilikuwa kubadilisha miliampea kuwa ampea chini ya presha ya saa.

Jeshi lenyewe linalijua hilo zamani sana. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941 rada ilikuwa kitu kipya na mafundi wa kuitengeneza hawakuwepo. Kulikuwa na bwana mmoja Chicago anaitwa William Eddy, aliwahi kuwa ofisa wa Navy akatolewa kwa sababu ya masikio kutosikia vizuri, sasa alikuwa anaendesha kituo cha televisheni, akakitoa kile kituo kiwe shule ya mafundi wa redio na rada. Kukatengenezwa mtihani wa kuchuja watu, ukaitwa kwa jina lake, Eddy Test, na waliopita walianzia kwenye hatua ya kurudia hesabu na misingi ya umeme haraka haraka kabla hawajaruhusiwa kugusa mambo ya rada. Wengi walichujwa hapo hapo mwanzoni. Leo mchujo ni ASVAB, mtihani wa kuingia jeshini, na kwa fani hizi wanaangalia hesabu za maneno, hesabu zenyewe, sayansi ya jumla na habari za elektroniki, lakini kufaulu ASVAB kunakufungulia mlango tu.

Sasa hesabu gani? Naanza na vipeo vya kumi kwa sababu hapo ndo watu wengi wanaumia. Kilo ni elfu, mega milioni, mili ni sehemu moja ya elfu, maikro ya milioni, nano ya bilioni, piko ya trilioni. Inabidi ukiona 4.7 kilo-omu usiione kama 4,700 unayohitaji kuiandika yote na masifuri, uione kama 4.7 yenye mkia wake. Mfano una volti 12 na rezista ya 4.7k. Gawanya 12 kwa 4.7 unapata 2.55, na kwa kuwa umegawanya volti kwa kilo-omu, jibu linatoka lenyewe kwa miliampea. 2.55 mA, basi. Volti kwa kilo-omu inatoa mili, volti kwa mega-omu inatoa maikro, miliampea mara kilo-omu inarudisha volti. Ukiwa na hiyo kichwani unaokoa dakika nyingi sana kwenye mtihani na makosa ya sifuri yanaisha. Fanya maswali mengi ya aina hii kwa kalamu, bila kikokotoo kwanza, hata ukipata jibu la kukadiria tu, manake ukijua jibu liko kwenye 2 na kitu, kikokotoo kikikuletea 255 unajua umebonyeza vibaya.

La pili ni kugeuza fomula. Ukipewa nguvu ni volteji kipeo cha pili gawanya kwa ukinzani, uweze kutoa volteji bila kufungua kitabu, yaani zidisha nguvu kwa ukinzani kwanza, alafu utafute kipeuo cha pili cha jibu. Usikariri zile fomula kumi na mbili zilizopangwa kwenye duara, wanafunzi wanazipenda sana ile picha, lakini anayeikariri akisahau kipande kimoja amekwama, anayejua kuhamisha herufi kutoka upande mmoja kwenda mwingine anahitaji mbili tu. Na jizoeshe kuona volteji ikiandikwa E badala ya V, manake vitabu vya Navy vinatumia E, nguvu P, mkondo I. Ni kitu kidogo ila siku ya kwanza kinakuchanganya.

Rezista za sambamba nazo, 3k na 6k sambamba inakuwa 2k, zidisha gawanya kwa jumla, 18 kwa 9. Ufanye mpaka ukiangalia tu unajua kwamba jibu la sambamba siku zote ni dogo kuliko rezista ndogo kuliko zote. Hiyo pekee inakuondolea majibu mawili kwenye mtihani wa kuchagua.

Alafu pembetatu. Kwenye mkondo geu (AC) koili na kapasita zinaleta ukinzani wao ambao huwezi kuujumlisha na wa rezista hivi hivi, unatumia Pythagoras. Rezista 3k, koili ina 4k, jumla yake si 7k, ni 5k. Kama Pythagoras uliisoma Form 2 ukaiacha hapo, irudie sasa pamoja na zile sin, cos na tan, kwa sababu huko ndo inafanya kazi kila siku. Na jaribu kufanya hesabu ya kapasita ya maikrofaradi 1 kwa masafa (frequency) tofauti uone inavyobadilika, kwa umeme wa nyumbani Kenya wa 50 Hz inakupa omu kama 3,180, kwa wa Marekani wa 60 Hz kama 2,650, na kwa 400 Hz, ambayo ni masafa utakayoyakuta melini kwenye vifaa vingi, inashuka mpaka karibu 398. Kapasita ile ile! Ukishaiona hiyo kwa mkono wako mwenyewe hutasahau kwamba kapasita inapitisha masafa makubwa kirahisi na inazuia madogo, na filta zote za redio na rada zimesimama juu ya hiyo.

Kuna jambo moja linatuhusu sana sisi tuliosoma nyumbani na sijaona mtu akilisema. Shuleni kwetu tulifundishwa mkondo unatoka chanya kwenda hasi. Mishale yote kwenye daftari inaenda hivo. Vitabu vya Navy vinafuata elektroni zenyewe, zinatoka hasi kwenda chanya. Sasa ukifika na mishale yako ya KCSE, mtihani wetu wa Form 4, kila mchoro unauona kama umegeuzwa. Hakuna aliyekosea, hesabu zinatoka sawa kabisa kwa njia zote mbili, ila chagua kusoma kwa njia yao mapema ili macho yazoee. Mshale ulioko kwenye alama ya dayodi, kwa mfano, kwetu unaonyesha mkondo unakoelekea, kwao elektroni zinaenda kinyume na mshale. Na sheria za mikono zinabadilika pia, mwalimu wa fizikia alitupa mkono wa kushoto kwa mota na wa kulia kwa jenereta, kwenye vitabu vya Navy ni kushoto kwa jenereta na kulia kwa mota. Swali la namna hiyo kwenye mtihani ni la bure kama umejiandaa, na kama hukujiandaa unajibu kwa uhakika kabisa jibu lililo kinyume.

Hesabu ikishakaa, mikono. Nunua multimita. Si lazima iwe ghali, melini na darasani utakuta Fluke lakini kwa betri ya volti 9 mezani kwako hata ya bei ya chini inatosha. Nunua na betri yenyewe, rezista za aina mbalimbali, LED (vile vitaa vidogo) chache, na ubao wa kuchomeka vifaa bila kulehemu. Kwa wale walio nyumbani, Luthuli Avenue pale Nairobi ama Kariakoo Dar hivi vyote unavipata kwa hela ndogo.

Nataka nieleze zoezi moja tu kwa undani, manake kwa maoni yangu hili peke yake linamtenganisha mtu atakayekuwa fundi na mtu aliyefaulu mtihani tu. Chukua rezista tatu za 1k, zifunge kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, alafu uunganishe na betri ya volti 9. Jumla 3k, mkondo miliampea 3, kila rezista inakula volti 3. Pima kila moja, utaona tatu tatu, pengine na desimali kidogo kwa sababu betri mpya inazidi 9. Sasa chomoa upande mmoja wa rezista ya katikati, iache ikining'inia. Kabla hujapima, andika kwenye karatasi unategemea kuona nini kwenye ya kwanza, kwenye nafasi iliyo wazi, na kwenye ya tatu.

Watu wengi wanaandika sifuri kila mahali, kwa sababu wanasema saketi imekatika, umeme hakuna. Pima. Ya kwanza sifuri, sawa. Ya tatu sifuri, sawa. Pale palipokatika utaona volti 9 nzima.

Kaa na hiyo kitu mpaka uielewe, usiikariri. Mkondo haupiti, kwa hiyo rezista ya kwanza haili chochote, na kama haili chochote basi upande wake wa huku na wa kule uko sawa sawa na ncha ya betri iliyoungana nayo. Ya tatu hivyo hivyo na ncha nyingine. Kwa hiyo ule mwanya umebaki umesimama katikati ya ncha mbili za betri. Na multimita yako ikiwekwa hapo kweli inafunga saketi, ila ndani yake ina ukinzani mkubwa sana, kwa za dijitali kawaida ni mega-omu 10, mkondo unaopita ni mdogo mno kiasi kwamba zile 1k mbili hazili kitu cha kuonekana, volteji yote inabaki kwenye mita. Hapo umejifunza mambo mawili ambayo yatakufuata miaka yote ya kazi: volteji haiko mahali pamoja, iko kati ya sehemu mbili, na kwenye mfululizo palipokatika panaonyesha volteji yote ya chanzo. Siku kifaa kimezimika baharini, saa nane usiku, na ofisa wa zamu anauliza rada itarudi lini, hutakuwa unabadilisha kadi za saketi moja moja kwa kubahatisha, utaweka ncha mbili za mita, utasoma, utasogea, utasoma, mpaka ufike pale ambapo namba inaruka.

Kisha ulizoee hilo zoezi kwa rezista nne, tano, kwa mchanganyiko wa mfululizo na sambamba, mwambie mdogo wako achomoe moja huku umegeuka, wewe uitafute kwa mita bila kuangalia waya. Huu mchezo hauna gharama na shuleni ndo unaitwa kutafuta hitilafu, wanautungia mtihani kabisa.

Mengine ya mita nitapita haraka. Usipime omu kwenye saketi yenye umeme, zima kwanza. Ukipima rezista kubwa ya mega-omu usiishike ncha zote mbili kwa vidole, mwili wako unakuwa sambamba nayo na namba inashuka. Ampea unapima kwa kukata saketi na kuipitisha ndani ya mita, usiweke mita ya ampea moja kwa moja kwenye ncha za betri, hiyo ni kupiga shoti, fyuzi ya mita inaenda. LED usiiweke kwenye volti 9 bila rezista, inakula kama volti 2, saba zilizobaki zipitishe kwenye rezista ya omu 470 inakupa kama miliampea 15, inawaka vizuri na haiungui.

Rangi za rezista, zijue kwa moyo: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9, dhahabu mwishoni asilimia 5, fedha 10. Njano zambarau nyekundu dhahabu, ni 47 na sifuri mbili, 4.7k. Na hapa niseme kitu muhimu, fani hizi za ET na FC zinataka macho yanayoona rangi vizuri, kuna watu wanafika siku ya vipimo ndo wanajua hawatofautishi nyekundu na kijani na ndoto inaishia pale pale. Pimwa mapema kama hujawahi.

Kulehemu, ukiweza kujifunza ni vizuri ila isikuchukulie muda wa hesabu. Kanuni ni moja, pasha kiungo joto, risasi, yaani ule waya wa kulehemu, iyeyuke kwa joto la kiungo chenyewe na si kwa kugusishwa kwenye ncha ya chuma. Kiungo kizuri kinang'aa na kimekumbatia waya. Dirisha liwe wazi, na unawe mikono kabla ya kula.

Na tafadhali, tafadhali sana, mazoezi yote yawe ya betri. Usifungue soketi za ukutani, na usifungue maikrowevu ya mamako eti unajifunza, ndani kuna kapasita inayobeba zaidi ya volti 2,000 na inaweza kuishikilia hiyo chaji hata baada ya kuchomolewa kwenye umeme. Melini hakuna anayegusa kifaa kabla hakijazimwa, kikawekwa lebo nyekundu ya kuzuia mtu kukiwasha, kikapimwa kuhakikisha kweli hakina umeme, na kapasita zikamwagwa chaji. Na kabla ya hapo unapima mita yenyewe mahali unapojua pana umeme, uone kwamba inafanya kazi, manake mita mbovu inasema sifuri pia. Hiyo tabia ianze nayo mezani kwako kwenye volti 9, ili mkono uwe unafanya wenyewe.

Vitabu. Navy ina mfululizo wake unaitwa NEETS, moduli 24, iko mtandaoni bure kabisa na ni mali ya umma, usinunue kwa mtu. Usijaribu kuzimaliza zote. Anza na ya 1, mata na mkondo wa moja kwa moja, isome kama Kurani ama Biblia, taratibu na kwa kurudia, maswali yako ndani na majibu mwishoni mwa kila sura. Kisha ya 2, mkondo geu na transfoma. Ya 3 ina mita na fyuzi na swichi. Ya 4 inafundisha kusoma michoro. Ya 6 ina habari za mirija ya elektroniki ya zamani, iruke kwa sasa. Ya 7 ni dayodi na transista. Kama muda bado upo, ya 13, mifumo ya namba na mantiki, ujue kubadilisha namba kwenda mfumo wa mbili na wa kumi na sita. Rada iko ya 18, najua unaitamani, ila anayeanzia 18 hafiki mahali. Vingine ni vya zamani kidogo kwa vifaa wanavyovitaja lakini elektroni hazijabadilika, Ohm aliandika sheria yake 1827 na Kirchhoff za kwake 1845, bado ndo hizo hizo.

Wale wanaokwenda matawi mengine msidhani haiwahusu. Marine wanaifanya jangwani Twentynine Palms, California, Air Force kuna Keesler kule Mississippi, mafundi wa ndege wa Navy wanapelekwa Pensacola, Florida, Wakanada wako Kingston, Ontario, na nyumbani KDF, jeshi la Kenya, inasajili mafundi kwa fani. Majina na sare tofauti, saketi ya rezista tatu inafanya vile vile.

Kitu cha mwisho hakina hesabu lakini kinatugusa sisi wahamiaji kuliko wengine. Fani nyingi za elektroniki zinahitaji kibali cha usalama, na kibali kinahitaji uraia wa Marekani. Mwenye green card anaruhusiwa kujiunga na jeshi lakini fani hizi nyingi anafungiwa mpaka apate uraia, na utumishi wenyewe unaweza kumpa njia ya kuuomba. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi kitu, Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Mtanzania afikirie vizuri na aongee na familia, kwa sababu sheria ya kwao hairuhusu. Alafu ile fomu ya kibali, SF-86, ni ndefu, inataka mahali pote ulipoishi miaka 10, safari za nje, ndugu zako wa karibu na jamaa walio nje ya Marekani unaowasiliana nao sana, wamezaliwa lini, wanakaa wapi, wanafanya kazi gani. Sasa mtu ana wajomba na mashangazi kuanzia Kilifi mpaka Kisumu, tarehe ya kuzaliwa ya bibi hakuna anayeijua. Anza kupiga simu leo. Muulize mamako, mwandikie baba mkubwa, weka kwenye daftari moja, na useme ukweli wote, manake kuwa na ndugu Kenya si kosa, kuficha ndo kosa. Mpwa wangu nimemwambia hiyo kazi aimalize mwezi huu kabla hata ya kununua multimita.

Na hili ni zoezi lake la kwanza, nalo jaribu kabla hujaenda kutafuta jibu popote. Chanzo cha volti 24, rezista tatu kwa mfululizo, R1 ya 1k, R2 ya 2k, R3 ya 3k. Ikiwa nzima mkondo unatakiwa uwe miliampea 4. Sasa umepima na kukuta R1 ina volti 0, R2 ina 9.6, R3 ina 14.4. Rezista gani imeharibika, imeharibikaje, na mkondo sasa ni kiasi gani?